Baba Mkwe wa Kanisa Zima

Mmeniomba niwaandikie, nyinyi mnaoingia uinjilisti sasa, na nimekubali kwa sababu wakati ninao. Nina mbuzi watatu, mkeka, na mke ambaye hajazoea kuniona nyumbani saa nne asubuhi. Ameshaniuliza mara mbili kama hakuna mgonjwa popote wa kutembelewa. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu nilipoanza hadi nilipomaliza, na mshahara wa mwinjilisti mtaujua wenyewe, hauchukui hata nusu ukurasa.

Nilianzia Mkongani na nikamalizia Mkongani. Ni kanisa la zamani, huku Magarini, kando ya njia iendayo Adu. Mawe yake yalibebwa kichwani na bibi zetu, na mpaka leo ukithubutu kusema ukuta una ufa, atatokea mtu akwambie jiwe lile alilibeba bibi yake, na bibi yake hakuwa mwanamke wa kubeba mawe mabovu. Nilifika pale kijana, na baiskeli nzito ya chuma, Biblia mpya, na maneno mengi. Mzee Stefano, mwinjilisti niliyemkuta, alinitazama toka utosini hadi kandambili, akasema, "Biblia iweke kabatini kwanza."

Wiki tatu alinitembeza nyumba kwa nyumba bila kuniruhusu kuhubiri hata mstari mmoja. "Watu waujue mguu wako kabla ya mdomo wako," alisema. Alinifundisha kupiga hodi mbali, pale ua unapoanzia, kisha nisimame. Asiyeitikia ana sababu yake. Alinifundisha kulisema lililonileta kabla sijanywa chai, maana ukishakunywa chai ya mtu huwezi tena kumkemea, utabaki kusifia sukari. Tena akanikabidhi daftari.

Daftari lile ndilo lililokuwa jembe langu. Kurasa zilichorwa kwa rula: jina, amekuja au hakuja, na safu ya mwisho ambayo Mzee Stefano aliiita safu ya moyo, ameshiriki Meza ya Bwana au hakushiriki. Mtu asiposhiriki mara tatu mfululizo, kuna jambo. Amegombana na jirani, au ana kinyongo na Mungu, au ana siri, mtembelee. Miaka yote nililijaza kwa wino wa buluu, kwa mwandiko ambao hata mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliusifia. Nalisema hili kwa majivuno kidogo, ili baadaye mnisikitikie.

Kesi ngumu nilizipata. Kuna mzee mmoja alisingiziwa uchawi na wapwa zake, kosa lake kubwa likiwa mvi na shamba. Nilimchukua nikamkalisha kwangu mwaka mzima, na wapwa wakaogopa kumgusa mgeni wa mwinjilisti. Masikini ya Mungu, alikuwa mzee mwema, ila kila mlo aliulalamikia ugali wa mke wangu, kwamba ni laini. Siku aliporudi kwake kwa amani, mke wangu ndiye aliyeimba haleluya kwa sauti kubwa kuliko wote. Kulikuwa na ugomvi wa kisima, na njaa za ukame, na mazishi ambayo hata leo sipendi kuyakumbuka. Hayo yote huja na kelele, na kelele hukuamsha. Kesi iliyonishinda ilikuja kimya.

Ilianza kwa wanawake vijana kukaa nje. Akina mama wenye watoto wachanga waliketi kwenye ukumbi mdogo ubavuni mwa kanisa, chini ya paa, wakifuata ibada kwa kusikiliza dirishani. Tukasema ni kwa sababu ya watoto kulia. Watoto wakakua, mama zao wakabaki nje. Baadaye hata ule ukumbi ukaanza kuwa mtupu, tukasikia wako kwenye kanisa jipya la mabati pale njia panda. Mzee Katana, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alitoa hukumu yake: "Wanafuata spika na ngoma." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Mkaza mwanangu Dama, mke wa mwanangu wa kwanza Kahindi, naye alikwenda huko njia panda. Kahindi hufanya kazi hotelini Malindi, kwa hiyo Dama na watoto wanaishi katika boma langu, nyumba ya pili kutoka yangu. Kila Jumapili nikivaa kanzu nilimwona akipita na watoto, ameinamisha kichwa, wanaelekea upande wa pili. Iliniuma, jamani. Sikumwuliza, lakini iliniuma.

Kisha ikaja barua kutoka Kilifi, kwa mchungaji msimamizi wa eneo letu. Makanisa yaliyopungua waumini yangeunganishwa. Mkongani tulipewa nafasi moja: tulete mpango wa miaka mitano, uliotoka vinywani mwa waumini wenyewe, kabla ya mavuno kwisha. Tukishindwa, tungeshushwa kuwa kituo, ibada mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine watu waende kanisa la barabara kuu. Ni mwendo wa saa mbili kwa mguu wenye nguvu. Kwa bibi kizee wa Mkongani, kuambiwa aende kusali barabara kuu ni kuambiwa asisali tena. Na wale bibi ndio waliobaki kanisani. Niliisoma barua mara tatu.

Tukaanza kazi. Mpango wa miaka mitano, sisi ambao mpango wetu mrefu kuliko wote huishia kwenye mvua ijayo! Nilimpa fundi kazi ya kutengeneza sanduku la maoni, zuri, na kikufuli. Nikakata karatasi, nikaligawia kanisa kalamu, nikasimama palepale mbele nikiwatazama wakiandika, ili wasichoke. Wazee nao walikuwa mahali pao. Nieleze mahali pao, kwa kuwa ni muhimu: benchi za wazee wa kanisa zilikuwa mbele kabisa, mbili kulia na mbili kushoto, zimeelekezwa kwa watu. Mchungaji alihubiri, na wazee wakawatazama waliokuwa wakihubiriwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wamishenari.

Sanduku tulipolifungua, tulikuta karatasi kumi na nne. Kumi zilisema Mungu ni mwema. Mbili zilisema Mungu ni mwema wakati wote. Moja iliuliza ni nani aliyemfungua mbuzi wa Mama Sidi siku ya Alhamisi. Ya mwisho ilikuwa tupu, imekunjwa mara nne kwa uangalifu mkubwa. Ile tupu ndiyo iliyokuwa na ukweli kuliko zote, lakini mimi niliitupa.

Tukaitisha mkutano. Mzee Katana akasimama, akauliza nani ana neno. Wanawake wakatazama mapaja yao, vijana wakatazama dari. Akauliza tena, akasubiri kidogo, akafunga kwa sala. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili kwamba waumini wameridhika na huduma, nikaipeleka Kilifi mwenyewe. Mchungaji msimamizi aliisoma yote kwa heshima, akanirudishia.

"Mwinjilisti," akasema, "hii si ripoti. Hizi ni salamu."

Nilirudi nyumbani nimefadhaika. Mke wangu, ambaye watu humwita Mama Kahindi, alikuwa uani akipepeta mahindi. Nikamwambia watu wa Mkongani hawana maoni. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

"Hawana maoni? Njoo kisimani siku moja!"

"Sasa mbona hawayasemi?"

"Wakwambie wewe? Baba Kahindi, hebu hesabu. Wanao wanne wameoa. Ndugu zako nao wana wana, wote wameoa. Kila mwanamke kijana hapa kama si mkaza mwanao ni mkaza mwana wa nduguyo, na asiye wa nduguyo ni wa Katana. Wewe ni baba mkwe wa kanisa zima. Nani atasimama mbele ya mkwewe aseme kanisa lake limemchosha?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani. Kanisani sisi sote ni ndugu katika Kristo."

"Haya, ndugu katika Kristo," akasema, akaurudia ungo wake.

Kwa nyinyi mliotoka mbali, nieleze. Kwetu mkaza mwana humstahi baba mkwe kwa adabu ya namna yake. Hampiti mbele akiwa ameketi. Hakai naye benchi moja. Jina lake halitaji, sauti mbele yake huishusha, na kitu hampi mkono kwa mkono. Hukiweka chini, baba mkwe akakiokota. Si chuki wala si woga, ni heshima, na ukiiishi tangu utoto huioni tena, kama vile huoni pua yako. Mimi nilikuwa nimehubiri miaka mingi kwamba mila huishia mlangoni mwa kanisa. Kumbe mlangoni pale mtu pekee aliyeiacha mila yake nje ni mimi, na niliweza kwa sababu haikunibana.

Mama Kahindi ndiye aliyemtaja Umazi. Mwalimu Umazi alikuwa binti aliyefundisha watoto wa chekechea kanisani kwetu. Kwao ni Mariakani, baba yake alikuwa dereva wa lori la maziwa, na hapa Mkongani hakuwa na ndugu hata wa kusingiziwa. Nilimwita, nikampa sanduku, kikufuli na karatasi mpya. Akavitazama.

"Baba, hivi vyote sivihitaji. Nipe jembe."

"Jembe la nini?"

"Kesho wanawake wana mweria kwa Mama Sidi."

Mweria ni kazi yetu ya kusaidiana: leo wote tunalima kwako, kesho kwangu. Ilikuwa palizi ya pili. Wanawake hujipanga mstari, wameinama, kila mtu macho chini kwenye mahindi yake, na mazungumzo hupita juu ya migongo yao. Hakuna anayemtazama mwenzake. Umazi aliingia kwenye mstari ule akalima vibaya sana, nilivyoambiwa. Alikata mahindi pamoja na magugu, wakamcheka, na wakishakucheka wamekupokea. Aliwaambia wazi kwamba anakusanya maneno ya mpango wa kanisa na jina la mtu hataliandika. Wakati wa kupumzika aliyaandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikwenda mweria baada ya mweria, na kwa vijana wa kiume alikwenda walipokuwa wakipakia matofali. Baada ya wiki tatu alikuja kwangu, viganja vimejaa malengelenge.

"Shikamoo, baba. Nisome au utasoma mwenyewe?"

"Marahaba. Soma, mwanangu. Mimi si mtu wa kushtuka."

Nilikaa vizuri. Akasoma. Ibada ianze mapema, kwa sababu ikiisha saa saba bomba la maji limeshafungwa na mtu anarudi na ndoo tupu. Vijana wapewe kazi nyingine zaidi ya kubeba viti vya harusi na matanga. Mlango wa ubavuni ufunguliwe. Umezibwa na kabati la vitabu vya nyimbo ambavyo mchwa wamevimaliza zamani. Benchi za wazee zigeuzwe zitazame mbele kama za watu wengine, maana mkaza mwana hawezi kwenda mezani kwa kupita mbele ya magoti ya baba mkwe. Hapo nikaanza kujikuna shingo. Kumbe tulikuwa tumewajengea njia moja tu ya kwenda kwa Mungu, na njia yenyewe tumeikalia.

"Hili moja nitalisoma kama lilivyosemwa," akasema Umazi. "'Nimeolewa hapa miaka kumi na moja. Sijapokea Meza ya Bwana katika kanisa hili hata mara moja. Mkate ningepokea, mchungaji ni mtu wa mbali. Lakini anayeshika kikombe ni baba mkwe wangu.'"

Kikombe Mkongani hushikwa na mtu mmoja tu. Wanangu wengine watatu wanaishi mjini na wake zao. Umazi hakutaja jina, alikuwa ametimiza ahadi yake, lakini hakukuwa na haja ya jina. Mwenye maneno yale alikuwa akipika nyumba ya pili kutoka pale tulipokaa, na moshi wa jiko lake ulikuwa ukitufikia.

Umazi alipoondoka nililitoa daftari langu. Nikarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Dama, mke wa Kahindi: hakushiriki. Hakushiriki. Hakushiriki. Wino wa buluu, mwandiko mzuri. Nilikuwa nimemtuma mke wangu amwulize kama ana neno moyoni, na Dama akajibu, "Sina neno, mama." Basi nikawa namwombea. Miaka kumi na moja nilimwomba Mungu aulainishe moyo wa mtoto yule, na kila nilipomaliza kuomba nilisimama nikashika kikombe. Nilisikia haya, ya masikio kuwaka moto. Nililia pia, sitaficha. Mama Kahindi alinikuta, akaketi, hakunicheka. "Ulijua?" nikamwuliza. "Nilijua," akasema. "Mbona hukuniambia?" "Nilikwambia mara mbili. Ukaniambia mila huishia mlangoni." Ama kweli, nyani haoni kundule.

Asubuhi Umazi alirudi. Alisimama mlangoni, daftari la shule kifuani.

"Baba, kuna moja jana sikulisoma."

"Lisome."

"Mwinjilisti apumzike." Akaendelea haraka haraka. "Si kwa ubaya, baba. Wamesema umewabatiza, umewazikia, hawana mwingine wanayempenda zaidi. Lakini wanataka mwinjilisti ambaye mwanamke anaweza kumweleza shida yake. Mwinjilisti asiye mkwe wa mtu."

"Waliosema hivyo ni wangapi?"

"Karibu wote, baba."

Nilimshukuru. Nilikuwa na miaka miwili mbele yangu kabla ya umri wa kustaafu, na nilikuwa nimeshajipangia namna nitakavyoimaliza. Nikaanza kunakili mpango kwenye karatasi rasmi za Kilifi, zile zenye visanduku vya lengo na shughuli na muda. La kwanza hadi la nane liliandikika vizuri. La tisa kalamu iligoma. Siku tatu mpango wa Mkongani ulikuwa na mambo manane, na mimi nilikwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Siku ya nne akaja Mzee Katana. Alikuwa ameshasikia, Mkongani siri hukaa siku moja. Akaketi, akanywa chai kwanza, nikajua alilolileta si karipio.

"Lile la tisa lifute," akasema. "Watoto wale hawajui wasemalo. Kanisa hili bila wewe ni nini? Na ukilifuta hilo, futa na lile la benchi. Baba yangu alizikalia vilevile zilivyo."

"Na la mlango?"

"Mlango huo unaingiza vumbi."

"Na la saa ya ibada?"

"Watu wazima huamka mapema wakateke maji."

Alinisemea kwa upendo, na mimi nampenda Katana, tumezeeka pamoja. Lakini nilimsikia akiyafuta moja moja, na kila moja alikuwa na sababu nzuri ya kulifuta, na sababu zake zilikuwa na sauti yangu mimi. Tungemaliza chai tukiwa tumebakiwa na Mungu ni mwema. Alipoondoka nilichukua kalamu nikaliandika la tisa, nikatafuta cha kujaza kwenye kisanduku cha muda. Nikaandika: baada ya mavuno haya.

Mpango ulibidi usomwe mbele ya waumini na kukubaliwa. Safari hii sikuwaambia wasimame waseme. Umazi alishauri kila mtu apewe punje mbili, ya mahindi na ya kunde, na chungu kiwekwe nje ya ukumbi: mahindi ni ndiyo, kunde ni hapana. Hata walioondoka kwenda njia panda walialikwa, na wengi walikuja, wakakaa nje. Nilisoma yote. Nilipofika la tisa nililisoma kwa sauti ileile, ila miwani ilinifanyia ukungu. Mama Sidi, ambaye ni mkubwa kwangu na ananiita kwa jina langu la ujanani, akasema kutoka kiti chake, "Hatukufukuzi, Karisa. Umesimama muda mrefu mno. Tunataka na wewe ukae." Watu wakacheka, wengine wakapangusa macho, nami nikawa miongoni mwa hao wengine.

Chungu kilijaa mahindi. Kunde zilikuwa tatu, na Mzee Katana hakuwahi kukana ya kwake.

Kilifi, mchungaji msimamizi alisoma kimya. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Hili la tisa umeliandika wewe?"

"Mwandiko ni wangu. Maneno ni yao."

"Mwinjilisti, hii sasa ni ripoti," akasema. Na Mkongani haikushushwa. Ninyi mkifika pale mtakuta ibada kila Jumapili, saa mbili kamili, na bibi zetu wanasali palepale bibi zao walipobebea mawe.

Vijana ndio waliogeuza benchi. Mzee Katana alikuja kusimamia, kusudi zisikwaruzwe, akagombana nao asubuhi nzima, na mwisho akawaonyesha namna ya kuunga mguu uliovunjika. Kabati tuliliondoa, mchwa walikuwa wamekula hadi wimbo wa mwisho. Sasa mbele kumebaki wazi, kuna njia mbili badala ya moja, na mlango wa ubavuni unaingiza vumbi kweli, kama alivyosema. Katana mwenyewe anakiri faida moja, kwamba anaweza kusinzia kidogo bila kuonwa na kanisa zima.

Umazi alipelekwa kozi ya wainjilisti akarudi na cheti. Jumapili yake ya kwanza nilivaa shati tu, bila kanzu, nikasikia baridi isiyokuwapo. Sikujua niketi wapi. Mama Kahindi akanishika mkono akanikalisha benchi ya pili karibu na ukuta, akaketi kando yangu, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kufanya kanisani tangu siku ya harusi yetu.

Ulipofika wakati wa Meza ya Bwana, mchungaji alishika mkate na Umazi akashika kikombe. Watu wakaanza kupita kwa njia ya upande wa pili. Niliiona kanga ya Dama kwa pembe ya jicho, nikainamisha uso, nikatazama viatu vyangu mpaka nikaamini amepokea na amerudi kuketi. Adabu hiyo angalau nilikuwa na deni nayo kwake.

Ndipo wimbo ukaanza, kutoka nyuma yetu. Sauti moja ilitangulia, ya kike, nzito, imejaa, na waimbaji wengine wakaifuata. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu hawa tangu ujana wangu, nikidhani najua kila koo. Ile sikuijua.

"Nani huyo?" nikamnong'oneza Mama Kahindi. "Ni mgeni?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jina lake.

"Ni Dama."

"Dama huimba?"

"Kila siku, tangu alipoolewa," akasema. "Ukishatoka tu."